Mshahara wa Kimya

Kila mwisho wa mwezi karani, Bi Hässler, huniuliza lilelile
akihesabu noti juu ya meza ya bati:
"Na Ijumaa usiku, ulipiga nini?"
Sikupiga.
Anaandika: hakupiga. Ananilipa. Anatikisa kichwa.

Miaka ishirini na sita nimesimama nyuma ya okestra,
nyuma ya tarumbeta, karibu na mlango wa dharura,
nyundo iliyovikwa ngozi mkononi,
mbele ya fremu ya chuma isiyo na kengele.
Kwenye hatua ya mia mbili na nne
Volkmar Dietzsch ameandika kwa wino mwekundu:
Inua. Ngoja. Usipige.
Mara thelathini na moja.

Alizaliwa Glauchau, nyumba ya tatu kutoka kanisani,
mtoto wa mfumaji wa soksi.
Kengele ndiyo iliyomwamsha, ndiyo iliyomlaza;
mama yake alipima mayai ya kuchemsha kwa mapigo yake.
Mwaka wa arobaini na mbili wakaja watu wenye karatasi na winchi,
wakaishusha: mizinga ilikuwa na njaa ya shaba.
Yeye, wa miaka saba, alilikimbilia lori hadi daraja la Mulde.
Hakuwa akilia. Alitaka kusikia
kama itagonga ukingo wa daraja.
Haikugonga. Walikuwa wameizungushia magodoro.

Hayo aliniambia mara moja tu, kantini, tukila supu ya dengu.
Akaongeza: "Magodoro, unaelewa?
Magodoro yenye milia."

Waandishi wa magazeti huzitaja kazi zake kwa namba.
Mimi nazijua kwa maumivu ya viungo.
Kuna ile ya filimbi tatu na cherehani,
iliyonitia ganzi mguu wa kulia msimu mzima.
Kuna ya kwaya inayoimba ratiba ya treni za Leipzig,
zilizochelewa kwa sauti nzito,
zilizofutwa kwa midomo iliyofumbwa.
Kuna opera yake, moja tu, iliyokufa usiku wa kwanza:
watu walitoka katikati, safu baada ya safu,
naye kaketi sakafuni nyuma ya pazia, penseli mkononi,
ananakili mwendo wa viatu vyao ngazini.
Mwaka uliofuata viatu vile vikaingia katika kazi yake ya fidla nne.
Watu walisimama wakashangilia.
Walewale.
Hawakujitambua.

Kimya kingi kina mshindo mkuu, husemwa.
Sijui. Ninachojua ni kwamba kimya kina uzito:
kilo mbili na nusu, bega la kushoto,
na daktari hana jina la ugonjwa huo.

Gera, Novemba, ukumbi baridi kama ghala la viazi,
nilikosea kuhesabu.
Nyundo ilishuka, ikapita pale ambapo kengele haipo,
ikagusa chuma cha fremu:
ti, basi, kama kijiko kwenye glasi.
Baadaye alinifuata chumba cha makoti.
Nilikuwa nimeandaa maneno ya kuomba radhi, marefu, yenye adabu.
Hakuyangoja.
"Ukingo," alisema. "Imegonga ukingo."
Akatafuta kofia yake muda mrefu, nayo ilikuwa kichwani.

Wino mwekundu hakuubadilisha.

Alipofariki, manispaa ikamtundikia Glauchau kengele mpya,
ya umeme, yenye jina lake pembezoni.
Mjane wake, Roswitha, hufunga dirisha ikilia.
Kijana aliyechukua nafasi yangu alinipigia simu juzi:
anataka kujua siri iko kwenye kifundo au kwenye kiwiko.
Nilimwambia avae viatu visivyolia.

Asubuhi nachemsha yai.
Nahesabu hadi thelathini na moja, polepole, mkono juu.
Hutoka bichi.
Nalila hivyo hivyo.